Wa Bure

Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu mama mmoja wa kanisa, hapa Gatina, akiwa na karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Alitaka nimchapie mabango ya kubandika ukutani. Mimi ni mtu wa kompyuta na fotokopi. Kazi za makanisa, za matanga na za vyumba vya kukodisha ndizo zinazoniweka mjini. Nilivaa miwani nikaanza kupiga chapa bila kufikiria. Siku ya Furaha kwa Watu Wenye Ulemavu. Michezo ya bure. Zawadi kwa wote. Nilipofika hapo kwenye zawadi kwa wote, vidole vikakataa kuendelea. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akaliona gongo langu la kutembelea limeegemea meza, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya kuongea na mtoto mwenye homa.

"Na wewe pia ukuje, dada," akasema. "Hakuna kulipa. Mtachezeshwa poa sana."

Nilimchapia mabango yake, nikamwambia nitaona. Alipotoka niliurudisha mlango nusu, nikaketi. Hasira niliyokuwa nayo ilimzidi yule mama, ambaye roho yake ni nzuri na ambaye hakujua lolote. Lakini kuna maneno mawili ambayo siwezi kuyasikia pamoja, kucheza na bure, bila kurudishwa Makina, kwenye ploti ya Haboba, nikiwa mtoto wa kuvaa rinda la mtumba lenye mfuko mmoja.

Tulikuwa wapangaji pale. Wazazi wangu walitoka Bungoma kabla sijazaliwa. Baba alifanya useremala kwenye vibanda vya vitanda na makabati kando ya barabara, na mama alifua nguo za watu Nyayo Highrise, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ingawa alirudi na vidole vilivyokunjamana kama ametoka safari ya mbali. Ploti ilikuwa ya bibi mmoja Mnubi aliyezaliwa hapo hapo. Wajukuu zake walimwita Haboba, yaani nyanya kwa lugha yao, na sisi wa vyumba vya kukodisha tukafuata. Vyumba vya mabati vilizunguka kiwanja cha udongo uliofagiliwa kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama sakafu, na hapo ndipo wasichana wa ploti walipocheza mchezo wa kati.

Mguu wangu wa kushoto ulikufa kabla sijajua kazi yake. Nilishikwa na malaria, nikapelekwa kliniki fulani, nikadungwa sindano ya makalio, na sindano ikaingia pasipofaa. Homa ilipona. Mguu haukupona. Baba alinichongea gongo la mbao, akalifunga kipande cha tairi chini lisiteleze, na kila nilipoongezeka urefu alinichongea jingine. Yale ya zamani mama aliyatumia kukorogea nguo kwenye beseni. Kwetu hakuna kilichotupwa.

Mliokulia mitaani mnaijua kati. Kwa aliyekulia kwenye nyumba yenye geti, huchezwa hivi. Wawili wanasimama pande mbili wakirusha juala, ule mpira wa mifuko ya nailoni iliyokazwa kwa kamba mpaka ikashikana. Wengine wote wako katikati. Mpira ukikugusa, umetoka, unaenda kukaa ukutani. Walio katikati, huku wanakwepa, wanajaza udongo kwenye chupa, na chupa ikijaa kabla hawajatolewa wote, wameshinda. Ni hayo tu. Juala likikupata kwenye paja unalisikia mpaka jioni, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Siku ya kwanza nilipojitia katikati na gongo langu, mkubwa wetu alikuwa Brenda, msichana mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Wenzake wakamngoja.

"Wacheni acheze," akasema. "Lakini huyu ni wa bure."

Wa bure maana yake mpira ukimgusa hatoki. Niliona wenzangu wakitolewa mmoja mmoja, wakienda ukutani wamenuna, na mimi nimebaki katikati, juala linanigonga mgongoni, linanigonga begani, na hakuna anayenifukuza. Nilidhani nimepewa cheo. Na ningedhani nini kingine? Nyumbani kwetu bure lilikuwa neno zuri kuliko yote. Kulikuwa na maji ya bure siku bomba lilipopasuka, nguo za bure za kanisani, dawa za bure za minyoo shuleni. Mama akisikia mahali kuna kitu cha bure aliacha alichokuwa akifanya akatafuta viatu. Kwa hivyo jioni hiyo nilimngoja mlangoni arudi kutoka Highrise, nikamwambia kwa maringo, "Mama, leo kwa kati mimi nilikuwa wa bure. Ni mimi peke yangu."

Mama alikuwa anavua viatu. Alibaki na kimoja mkononi, akanitazama. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilidhani amechoka na kazi.

Niliishi na cheo changu hicho kwa muda mrefu, kama mjinga. Nilijiendea katikati kila siku shule ikifungwa, nikijitapa kwa wageni waliokuja ploti. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akinitazama kwa namna nisiyoipenda. Huyo alikuwa Zena, mjukuu wa Haboba, rika langu kabisa. Zena hakuwa na maneno mengi, lakini alikuwa na mkono. Alirusha kwa shoto, na hukujua juala linaelekea wapi mpaka limekufikia. Kati bila Zena haikunoga, hata Brenda alijua. Nilipomwona ananikazia macho nilidhani ananionea wivu.

Halafu siku moja nikajaza chupa. Waliokuwa wanarusha walikuwa wameelekeza nguvu zao kwa wengine, kwa sababu kunirushia mimi ilikuwa kupoteza mpira. Nilikaa chini kabisa kwenye udongo, mguu wangu nimeunyosha mbele, nikawa nachota kwa viganja na kumimina. Wenzangu wakatolewa, akabaki Aisha, binamu yake Zena, akirukaruka huku na huku. Chupa ikafika shingoni. Ikafurika. Nikainyanyua juu nikasema imejaa.

Brenda akaja, akaichukua chupa. "Nani amejaza?"

"Ni mimi."

"Basi haihesabiki. Si wewe ni wa bure." Akaimwaga chini. "Aisha, rudi kati. Tunaendelea."

Na wakaendelea. Kilichonikata si Brenda. Ni Aisha, aliyekuwa upande wangu, ambaye ushindi ule ungekuwa wake pia. Hakubisha hata kidogo. Alirudi katikati akaanza kuchota udongo upya, kwa sababu sheria ni sheria na hakuna mtu aliyekuwa amejaza chupa.

Nilimkuta Zena baadaye kwenye mfereji, akingoja mtungi wake ujae. Nikamuuliza, "Kwani mimi sikujaza?"

"Ulijaza."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe hutoki. Mtu hawezi shinda kama hawezi toka." Aliongea akitazama maji. "Hata ukishinda, ni kama hakuna mtu alikuwa hapo. Si hiyo ndiyo wa bure? Kwani ulidhani ni nini?"

Sikumwambia nilichodhani. Nilimkumbuka mama na kiatu chake mkononi, nikaelewa kwamba alijua tangu siku ile, na aibu iliyonishika ikawa ya moto. Watu wote wa ploti walijua. Nilikuwa nimejisifu kwa kila mtu kwamba mimi si kitu.

"Nataka kutoka," nikasema.

Zena akageuka. "Nitakupiga kweli."

"Nipige."

"Na usilie. Ukilia Haboba atanimaliza."

"Silii."

Brenda alikataa katakata. Alisema mamangu akija na kelele atakayeulizwa ni yeye mkubwa. Zena hakubishana. Aliliweka juala chini akasema basi yeye harushi, akaenda akaketi kwenye ngazi ya Haboba na kuanza kusuka nywele za mwanasesere wa vitambaa. Wakajaribu kucheza bila yeye, mchezo ukawa wa ovyo, juala likienda kwenye mtaro wa maji machafu kila mara. Mwishowe Brenda akainua mabega. "Haya. Lakini sitaki maneno," akasema.

Zena alinitoa kwa pigo lake la kwanza. Lilinipata kiunoni nikaona nyota. "Ametoka," akasema, bila huruma na bila furaha, vile angesema kwa mtu yeyote. Nikajikokota mpaka ukutani nikaketi kati ya wasichana waliotolewa, mabati ya moto yakinichoma mgongoni. Mmoja wao alikuwa akitafuna mua. Akakata kipande akanipa bila kunitazama, na akaendelea kulalamika kwamba yeye hakuguswa, Brenda alimdanganya. Aliniambia mimi malalamiko yake, kama mwenzake. Nilifurahi mpaka nikaogopa kwamba nitalia na kuvunja ahadi. Watu wengine hukumbuka siku waliyoshinda. Mimi nakumbuka siku niliyotoka.

Shida ikawa gongo. Siku moja juala lilinipita mwilini likaligonga gongo, ko, kila mtu akasikia. Brenda akasema nimetoka. Aisha akasema sijatoka, gongo si mwili, ni kama mtu ameshika ufagio. Wakabishana mpaka wanawake waliokuwa wakianua nguo wakaacha kazi wakawa wanacheka. Mimi nikaona nafasi yangu. Kama gongo si mwili, ningeweza kuukinga mpira nalo siku nzima na hakuna ambaye angenitoa. Nikasema haraka, "Gongo si mimi."

Zena akaja katikati, juala kwapani.

"Sikiza," akaniambia. "Hiyo gongo ni mguu yako ama si mguu yako? Kama si mguu, iweke pale ukutani ucheze bila. Kama ni mguu, ikiguswa umetoka. Chagua moja."

Nimeulizwa maswali mengi kuhusu mguu huu na madaktari, wachungaji, watu wa mashirika na wanaume wawili waliotaka kunioa. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la haki kama lile. Nilifikiria kweli. Nililitazama gongo, mbao ya baba iliyoingia weusi pale mkono wangu uliposhika.

"Ni mguu," nikasema.

"Basi umetoka."

Nikaenda ukutani. Tangu siku hiyo gongo langu lilihesabiwa kwenye ploti ile, na mimi nikajifunza kulitunza kama mguu, kulisimika kwenye udongo na kulizunguka mwili mzima huku juala linapita. Sikuwahi kuwa hodari. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wanapenda hadithi zetu ziishie kwenye medali. Nilikuwa mchezaji wa kawaida, siku nyingi nikitoka mapema, siku moja moja nikibaki na Aisha mpaka mwisho. Michubuko ya mapajani nilimficha mama kwa kuvaa leso.

Jumamosi zangu, lakini, hazikuwa za kati. Mama alikuwa ameambiwa na mwanamke mmoja aliyemfulia kule Highrise kwamba kuna kikundi kinachochezesha watoto walemavu kwenye uwanja wa shule moja karibu, na Jumamosi ikifika alinipaka mafuta, akanivalisha fulana ya manjano waliyotugawia kule, akanipeleka. Msimamizi aliitwa Auntie Pauline. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyejua majina yetu yote na kutukumbatia mmoja mmoja, na ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba mtu anaweza kuwa mwema namna ile na bado akakunyang'anya kitu.

Huko hatukucheza, tulichezeshwa. Kulikuwa na mpira laini, mkubwa kama sufuria ya ugali wa harusi, na kikapu cha kuutumbukiza. Ukirusha ukakosa, msaidizi anakiinamisha kikapu. Ukikosa tena, anakileta mpaka kinaugusa mpira, kisha wote wanapiga makofi. Kulikuwa na mbio za kushikana mikono ili tufike pamoja. Kijana mmoja kiziwi mwenye miguu mirefu alikuwa na mbio za ajabu. Kila mara alichomoka akafika peke yake, na kila mara alirudishwa kwa upole na kushikanishwa mkono na mtoto wa kigari, mpaka akajifunza kutembea. Mwisho Auntie Pauline aliuliza, "Mshindi ni nani?" na sisi tulifundishwa kujibu, "Sisi sote." Halafu soda, biskuti, na kupigwa picha.

Sitaki kuwa mwongo. Kulikuwa na watoto ambao siku ile ndiyo pekee waliyotolewa chumbani wakaona jua, na walicheka mpaka mate yakawatoka, na mama zao walikaa kwenye nyasi wakipumzika mikono. Hao sina neno nao. Lakini mimi nilikuwa nimeshaonja kutoka. Nilimwambia mama kwamba kile kikapu wanakiinamisha. Akaniambia nishukuru, huko hakuna wa kunipiga.

Basi ikatokea Auntie Pauline akaja ploti. Alikuwa akizungusha wageni wa kikundi chake, wanaume wawili na msichana mwenye kamera, kuwaonyesha tunakoishi. Ilikuwa alasiri, mama bado yuko kazini, na mimi niko katikati. Tulikuwa tumebaki watu wachache na chupa imekaribia kujaa. Sikuwaona wakiingia. Nilimwona Zena akirudisha mkono nyuma, nikalisimika gongo nizunguke, nikachelewa. Juala lilinipata shavuni. Nilianguka, mdomo ukagonga chupa ukapasuka, na wenzangu wote wakapaza sauti pamoja, ametoka, ametoka. Mimi nilikuwa nacheka. Nalisema hili kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuliamini. Nilikuwa chini, damu kidevuni, na nilikuwa nacheka, kwa sababu lilikuwa pigo safi sana.

Auntie Pauline alinifikia akanibeba kama mtoto mchanga. Gongo likabaki chini.

"Mnampiga mtoto mlemavu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli. "Mnamzunguka na mnampiga, na mnashangilia?"

"Ni kati, Auntie," nikasema. "Nimetoka tu."

"Usiogope, sweetie. Hawatakufanyia kitu tena." Akanifuta mdomo na leso yake. "Nani amemrushia?"

Brenda na wengine walikuwa wameshapotelea vyumbani. Zena hakukimbia. "Ni mimi," akasema.

"Kwa nini umempiga?"

"Alikuwa kati."

Ukweli wote ulikuwa huo, na hakuna jibu lingine ambalo lingemchongea zaidi. Haboba akatoka ndani, ushungi begani, akawaona wageni, akaiona damu, akamwona mjukuu wake. Mwanamke yule alikuwa ameishi Makina maisha yake yote bila mtu kumnyoshea kidole. Alivua patipati mguuni akamshika Zena mkono.

"Mtoto wa watu," alimwambia, na kila neno lilikuja na pigo, "Mungu amemnyima mguu, na wewe unamrushia mpira. Unataka tulaaniwe hapa? Huoni yuko vile?"

Nikapiga kelele. Nilisema ni mimi niliyemwambia, nilisema ni mchezo, nilisema mwacheni. Auntie Pauline akanikumbatia kwa nguvu zaidi na kuniambia pole, pole, yameisha, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyoona ninaumia, na ndivyo Haboba alivyochapa. Zena alinitazama kwa muda. Baadaye akaacha kunitazama. Yule msichana wa kamera hakupiga picha, alikuwa akilia. Juala Haboba alilitupa kwenye jiko lililokuwa likiwaka nje, na ploti nzima ikajaa moshi wa nailoni.

Mama aliporudi alimshika Auntie Pauline mkono kwa mikono yake yote miwili akamshukuru. Walipoondoka nilimweleza kila kitu, wa bure, na chupa, na gongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Najua wa bure ni nini," akasema. "Nilijua ile siku uliniambia. Uko na mguu moja mzuri, Nekesa. Hiyo nayo ikivunjika, nitakubeba mpaka lini?"

Nilimchukia. Niko na umri mkubwa sasa kuliko aliokuwa nao yeye siku ile, namtumia pesa ya unga, nampenda, na bado kuna kipande cha ile chuki hakijaisha. Muhula uliofuata Auntie Pauline alinitafutia nafasi kwenye shule ya bweni ya watoto walemavu, mbali, na mama akaona ni baraka. Kabla sijaondoka, nikikutana na Zena kwenye mfereji, alinipisha. Aliondoa mtungi wake chini ya maji kabla haujajaa, akaniwekea wangu, akasimama kando macho chini.

Haboba alifariki mwaka jana. Nilitoka Gatina nikaenda Makina kutoa pole, siku za matanga, na kumbe Zena ndiye aliyekuwa akipokea wageni. Amenenepa, ana watoto, sauti yake imekuwa ile ile ya Haboba. Wanawake walikuwa wameketi mikekani. Aliponiona alisimama akaita kiti, nami nikasema naweza kukaa chini, na wote wakasema hapana, hapana, nikaletewa kiti cha plastiki. Nikaketi juu kuliko watu wote. Akaniletea chai, akainama karibu na sikio langu.

"Nekesa, kuna kitu nimekaa nacho miaka yote hii. Naomba unisamehe."

"Kitu gani?"

"Vile nilikuwa nakupiga tukiwa watoto."

"Hukuwa unanipiga, Zena. Tulikuwa tunacheza kati."

"Najua, ni utoto. Lakini wewe ulikuwa hali yako ile, na mimi natupa mpira na nguvu zangu zote. Haboba alinifungua macho. Ile kichapo ilinisaidia."

"Ni mimi nilikuambia unirushie. Hukumbuki? Nilikuwa wa bure, wewe ndiye ulinitoa. Hukumbuki gongo? Ulisema kama ni mguu, ikiguswa nimetoka."

Alinitazama, na macho yake yakajaa. Nikadhani amekumbuka.

"Yaani nilipiga hata gongo?" akasema. "Wallahi, Nekesa. Hata gongo?"

Chai ilikuwa mkononi mwangu na wanawake walikuwa wanatutazama. Nyanya yake alikuwa amezikwa juzi. Nikamwambia nimemsamehe. Alinishika mkono akasema nina roho safi, na kwamba wanawe amewafundisha vizuri, hakuna hata mmoja anayeweza kumkosea mtu kama mimi.

Nilipoaga hakutaka nitembee peke yangu, nikamwambia naijua njia. Kwenye kiwanja palikuwa na wasichana wanacheza kati, mpira wao ni wa soksi na vitambaa siku hizi, na aliyekuwa ameushika alikuwa na uso wa Zena mtupu. Ningeweza kupitia ukutani. Nilipitia katikati. Nilipofika pale chupa ilipo nikasimama, nikalisimika gongo, nikamtazama yule mtoto, na niliona mkono wake tayari umerudi nyuma, umejaa.

Akaushusha. "Ngojeni kwanza," akawaambia wenzake. Kisha akaniambia mimi, kwa adabu, "Pita tu, auntie. Hatutakugusa."